Shwari ya Levanzo

Donna Melchiorra, jirani yetu wa ghorofa ya juu, anasema aliniona kwa macho yake mawili. Anasema alitoka roshani kuanika mashuka, saa ile ya mchana ambayo kila mwenye akili zake kajifungia ndani kulikimbia jua, akatupa macho gatini akaniona nakwenda mbiombio, kitambaa kichwani, kifurushi cha nguo kwapani. Yule kijana wa mashua nyeupe akanipokea, akanishika kiuno, akaninyanyua taratibu kama mtu anayepakia mtungi wa mafuta ya zeituni. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua kamba. Tanga likapanda. Hapakuwa na mtu mwingine juu ya mashua ile, anaapa kwa macho ya Mtakatifu Lusia. Na mimi, anasema, sikugeuka hata mara moja kuitazama nyumba ya baba yangu.

Hilo la kutogeuka ndilo lililowachoma watu. Kengele za alasiri zilipolia, mtaa mzima ulikuwa umeshalisikia, na kila aliyelipokea alilitia chumvi yake, nasi watu wa Trapani, mji wa mashamba ya chumvi, hatujawahi kuikosa.

Ya kiuno ni kweli, sikatai. Ngazi za gati letu ni za jiwe na zinateleza, na Tobia aliponishika nilihisi joto la viganja vyake likipenya kitambaa cha gauni, nikasahau hata kusema ahsante. Ya kifurushi nayo ni kweli, ila ndani mlikuwa na mkate, nyanya na taulo. Lakini baba yake Tobia, Kapteni Prospero, alikuwa chini tumboni mwa mashua akitafuta nyundo, mama yake amelala humohumo ndani kwa sababu ya jua, na dada yake Ginevra alikuwa amejikunja nyuma ya tanga akila tikiti. Mtu aliye juu roshani hawezi kuwaona hao. Na sikugeuka kuitazama nyumba kwa sababu sikuwa naikimbia. Mama ndiye aliyeniruhusu.

Nilimkuta jikoni, akichuja maji ya asumini. Sisi tunauza barafu ya asumini pale gatini. Jioni tunachuma maua, yanalala majini, kesho yake yale maji yanagandishwa na sukari mpaka yawe kama theluji. Nikamwambia, "Mama, fundi amemaliza mlingoti wao, wanaujaribu mpaka kisiwani Levanzo na kurudi. Ginevra ananiomba niende naye."

"Ginevra?" Mama hakuinua macho.

"Ndiyo, mama. Na mama yake yupo, na baba yake yupo."

"Na huyo mwingine je, amebaki nchi kavu?"

Nikajifanya natafuta taulo. Akatabasamu ndani ya sufuria. "Nenda, Narda. Ondoka kabla baba yako hajaamka, rudi kabla ya giza. Mimi sijasikia kitu."

Basi ndivyo ilivyokuwa, wala si zaidi.

*

Familia ile ilitoka Camogli, huko juu kaskazini, na kila kiangazi waliishi baharini, bandari hii wiki, bandari ile wiki. Kwetu waliingia mlingoti umepasuka, wakalazimika kukaa. Nadhani hakuna mlingoti duniani uliowahi kuombewa kama ule: wao wakiomba upone, mimi nikiomba uchelewe.

Tobia alikuja dukani kila asubuhi, nywele bado mbichi kwa maji ya bahari. Si msemaji. Husimama kwanza akaitazama barafu kama mtu anayechagua kitabu, na kumbe tuna aina moja tu.

"Leo nipe ya asumini," husema.

"Na jana je, ulikula ya nini?"

"Jana sikuitazama vizuri."

Baba alikuwa akikaa nyuma, akikwangua barafu, na mgongo wake peke yake ulitosha kunifanya nitazame chini. Don Gaspare baba yangu si mtu mbaya. Ila ana binti mmoja, na anapolitaja jina lake mbele za watu hupenda watu wakae wima.

Mchana ule wa Levanzo upepo ulitupeleka vizuri. Tukaogelea, tukala, Kapteni akaupigapiga mlingoti mgongoni kama farasi, akasema umepona. Tukageuza. Na katikati ya njia, kati ya kisiwa na mji, upepo ukafa.

Sijui niseme nini kuhusu ile shwari. Tanga lilining'inia kama nguo iliyosahaulika kambani. Bahari ililala, ikawa nzito na nyeupe kama maziwa, hata mbegu za tikiti alizotema Ginevra zilibaki palepale ubavuni mwetu, hazina pa kwenda. Mji tuliuona. Niliyaona majumba yamepangana pwani, na nyuma yake mlima wa Erice umejifunika wingu lake. Nilikuwa natazama kwetu kama mtu anayetazama picha ya kwao.

"Baba, washa injini," Ginevra alisema.

"Injini iko vipande vipande juu ya gazeti," Kapteni akajibu bila haya. "Na injini ni kwa watu wasio na subira."

"Huyu binti wa watu ana kwao," Bibi Ottavia mkewe akasema, akinitazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kutiiwa. "Watamtafuta."

"Kwao ndiko kule, mke wangu. Si wanatuona? Watajua tumekosa upepo. Hawa ni watu wa pwani."

Ni kweli wanatuona, nikawaza. Ndiyo shida yenyewe.

Jua lilipoanza kuzama nilikwenda kukaa mbele kabisa, miguu ikining'inia juu ya maji. Tobia akaja. Hakukaa karibu. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu, kama kwamba kuna mgeni atakuja kukaa pale.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa nini?"

"Maji. Giza linalokuja."

"Namwogopa Donna Melchiorra."

Alicheka, cheko lake lile la kimyakimya linaloanzia mabegani. Kisha bahari ikageuka rangi ya komamanga, na rangi ile ikampanda usoni.

"Narda, mbona ukiwa dukani hunitazami?"

"Nakutazama ukishageuka."

"Basi nitakuwa nageuka mara nyingi."

Nilihisi uso unawaka. Nikachovya kidole majini nikachora duara, duara likaenda likaenda, likapotea.

"Kesho kutwa tunaondoka kwenda Ugiriki," akasema. "Vuli naanza kazi melini. Baba amenitafutia nafasi."

"Najua. Ginevra aliniambia."

"Unajua, na umekaa kimya?"

"Ulitaka niseme nini, Tobia? Mimi si upepo, nikikataa usiondoke."

Akageuza shingo akanitazama. Ana kope ndefu, huyu, kope za kuonewa wivu. Mkono wake ukatoka gotini, ukashuka ubaoni, ukatambaa mpaka kwenye ile nafasi ya mgeni wetu, ukatua hapo. Wangu ukaja ukatua upande wake. Havikugusana vidole. Lakini nakwambia, nilihisi kila kimoja.

"Narda!" Bibi Ottavia akaita kutoka nyuma. "Njoo ulale chumbani kwa Ginevra. Na wewe Tobia, kalale na baba yako."

Tukalala hivyo, wanawake huku, wanaume kule, na Ginevra akanipiga mateke mpaka alfajiri.

*

Upepo ulirudi na mapambazuko, mdogo, wa kubembeleza. Tulipofika gatini jua lilikuwa limeshapanda na duka letu lilikuwa limefungwa. Ilikuwa ni wiki ya sikukuu ya Bikira Maria wa Agosti, wageni wamejaa mjini, na baba kafunga duka.

Nikatazama juu. Madirisha yote ya kwetu yalikuwa yamefungwa kama nyumba iliyofiwa. Ya majirani yote wazi.

Nanyi mnaojua desturi yetu mmeshaelewa. Kwetu kijana na msichana wakitaka kuwafunga wazazi midomo, hutoroka wakalala nje. Asubuhi hakuna tena wa kujadili. Nyumba ya msichana hujifungia na kuona aibu, nyumba ya mvulana huja kugonga na kuomba amani, na kabla wiki haijaisha padri huwafungisha ndoa asubuhi na mapema, pasipo maua wala kinanda. Nusu ya mtaa wetu imeanza hivyo. Baba na mama wenyewe walianza hivyo.

Niligonga. "Baba, ni mimi. Upepo ulikufa. Tulikuwa na wazazi wake."

Sauti ya baba ikatoka nyuma ya ubao, nzito, ya mtu ambaye hakulala. "Nyumba hii haina binti. Aliyenaye ana wazazi. Waje."

"Baba, hakuna kilichotokea!"

"Waje," akarudia. Na juu roshani Donna Melchiorra akapiga ishara ya msalaba, huku kashika kikombe cha kahawa.

Shangazi Girolama, dada yake baba, ndiye aliyekuja kuniokota pale mlangoni. Mfupi, mnene, mjane anayecheka hata makaburini. Alinishika mkono akanivuta mpaka kwake, nyumba ya tatu, akinong'ona njia nzima: "Tembea, mtoto, usilie barabarani, machozi yako watayala na mkate. Ala! Na kijana mwenyewe mzuri, Mungu anisamehe. Ungeniambia ningekufungia na jibini."

"Shangazi, sikutoroka."

"Wote husema hivyo."

"Shangazi! Kweli."

Akasimama, akanitazama machoni kwa muda. "Mama yangu wee," akasema polepole. "Kumbe kweli. Basi hii ni mbaya zaidi: aibu ipo, mume hayupo."

*

Mama alikuja kwa mlango wa uani, shali imemfunika mpaka puani, na nguo zangu za kubadilisha kikapuni. Nikamrukia.

"Mama, umwambie! Umwambie baba kwamba ulinipa ruhusa!"

Alinikalisha kitandani, akaanza kunichana nywele kama nilipokuwa mdogo.

"Unampenda yule kijana?"

"Mama, si hilo ninalo..."

"Nakuuliza. Unampenda?"

Nikajibu kwa kichwa.

"Kesho wanang'oa nanga. Mama yake si mjinga, nimemwona anavyokutazama dukani, anakupita kama meza. Unadhani atamruhusu arudi kukutafuta? Kaskazini kuna mabinti wenye vyeti ukutani, Narda." Chanuo likakwama kwenye fundo, akalifungua kwa vidole. "Nyamaza tu. Na mimi ninyamaze. Baba yako akiamini, atawadai, na kijana atakuoa. Utapata unachokitaka."

"Na wewe umekaa usiku kucha ukimwona baba halali, ukanyamaza?"

Chanuo likasimama.

"Nilinyamaza kwa ajili yako," akasema. "Mimi nilipotoroka na baba yako, hakuna aliyeniuliza kama nimefurahi. Lakini nilimpata. Nikampata, mwanangu." Akafunga shali, akatoka kwa njia aliyoingilia, akaniacha nywele nusu zimechanwa.

*

Shangazi ndiye aliyekwenda mashuani kuwaeleza. Anasema Bibi Ottavia alicheka kwanza, akidhani ni mchezo wa sikukuu. Kisha akaacha kucheka. Wakaja wote isipokuwa Ginevra wakati wa joto kali, wakaketi mezani kwa shangazi, Kapteni na kofia yake magotini, Bibi Ottavia ameshika mkoba kwa mikono miwili. Tobia alisimama mlangoni. Hakunyoa. Macho yake yalinitafuta yakanipata, nami kwa mara ya kwanza sikutazama chini.

Shangazi akatandika sahani ya biskuti za lozi. "Kuleni. Mambo haya hayazungumziki na tumbo tupu."

"Mama," Bibi Ottavia akaanza, "binti yenu alilala chumba kimoja na binti yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni. Si hilo tu mnalotaka kusikia?"

"Mimi nimesikia, dada yangu. Mtaa ndio haujasikia."

"Mtaa unanihusu nini?"

"Wewe utakuwa Ugiriki, haukuhusu. Yeye atakuwa hapa mpaka azeeke, akiuza barafu, na kila anayenunua atakuwa anamtazama tumboni."

Kapteni akakohoa. "Baba yake anataka nini hasa?"

"Mje mgonge. Mkubali. Padri yupo."

"Kukubali jambo ambalo halikutokea?" Bibi Ottavia akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniona sawasawa, nafikiri. "Binti, una miaka mingapi?"

"Ishirini, mama."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi tu, mama. Darasa la tano."

"Unaona, Prospero?" Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Mtoto wetu anaanza maisha. Atakuwa melini mwaka hata mwaka. Amwache huyu wapi, jikoni kwangu? Watazungumza nini?"

"Wanazungumza vizuri tu," Shangazi akasema. "Si ndiyo shida iliyotuleta hapa?"

Kapteni akaficha mdomo nyuma ya kofia. Na hapo Tobia akasogea kutoka mlangoni. Jua la nje lilikuwa mgongoni kwake, sikuweza kuuona uso wake vizuri.

"Mama, acha. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemshika kumpandisha. Kama desturi ya hapa ndiyo hiyo, nitamwoa. Jumamosi, Jumapili, siku watakayosema."

Shangazi alipiga kofi la furaha. Bibi Ottavia akafumba macho.

Na mimi? Maneno yale nilikuwa nimeyaota. Kiangazi chote, nikichuma asumini jioni, nilikuwa nikiyasikia yakija kwa sauti ileile, kila mara mahali tofauti: gatini, kanisani, juu ya mlima. Sasa yamekuja kweli, na yamekuja kama ya mtu aliyevunja kikombe cha watu na anaahidi kuleta kingine. Nitamwoa, kama desturi ndiyo hiyo. Nilitazama biskuti sahanini. Nikajua kwamba nikinyamaza tu, kama mama alivyoniambia, jambo litakwisha. Jumamosi nitakuwa mke wa Tobia. Na kila siku ya maisha yangu, akichelewa kurudi, akikaa kimya mezani, akiitazama bahari kupita kiasi, nitajiuliza.

"Mimi sitaki," nikasema.

"Wewe!" Shangazi akaruka. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo sababu sitaki."

Nikainuka nikatoka uani, kwenye kivuli cha mtini, mahali shangazi anapofugia kuku. Tobia akanifuata. Mlango akauacha wazi, watu wamwone, alikuwa ameshajifunza.

"Nimekosea nini?" akaniuliza. "Nimesema nitakuoa. Nilidhani utafurahi."

"Unanioa mimi au unamwoa Donna Melchiorra?"

"Narda..."

"Jana, kama upepo usingekufa, ungenioa Jumamosi?"

Hakujibu upesi. Nampenda kwa hilo, angeweza kunidanganya. Kuku mmoja alipita kati ya miguu yetu, akamtazama Tobia, akarudi kwangu.

"Jumamosi, hapana," akasema. "Nilikuwa nataka kurudi. Majira ya machipuo, nikishapata likizo ya kwanza melini. Nilikuwa nataka nije kwa gari moshi, na suti, mchana kweupe. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamwambia baba yako nini."

"Ulikuwa utamwambia nini?"

"Sijafika hapo. Kila nikifikia hapo, nauona mgongo wake."

Nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Alinyoosha kidole kuyapangusa, kikaishia hewani karibu na shavu langu, kikarudi.

"Basi usinioe Jumamosi," nikamwambia. "Njoo na suti."

"Na mtaa?"

"Mtaa utasema. Wakisema, wewe utakuwa wapi? Melini. Ni mimi nitakayesikia, na nakwambia nitaweza. Ila nijue kwamba unakuja kwa sababu umetaka kuja."

"Na nisipokuja?"

Nilikuwa nimeliogopa swali lile tangu pale mezani. "Hapo nitakuwa nimejua," nikasema.

Alinitazama, na ile shwari ya jana ikawa kama imetufuata mpaka uani kwa shangazi. Hata majani ya mtini hayakutikisika. "Nisingeweza kutokuja," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nisikuombe uniamini. Twende kwa baba yako."

*

Tulitembea katikati ya mtaa, yeye upande mmoja wa njia, mimi upande mwingine, shangazi katikati kama mlinzi, Kapteni na mkewe nyuma. Jua lilikuwa limeshalalia upande wa visiwa na kila dirisha lilikuwa na kichwa. Donna Melchiorra alikuwa ameshuka kabisa, kajiletea na stuli.

"Hao, hao! Wanakuja kuomba amani!" akatangaza.

"Kaa chini, Melchiorra, utapata kizunguzungu," Shangazi akamjibu.

Tobia akasimama mbele ya mlango wetu. Akavuta pumzi. Akagonga.

"Don Gaspare. Ni Tobia Schiaffino, na wazazi wangu wapo hapa."

Kisha sauti ya baba: "Umekuja kuomba amani?"

"Hapana, bwana."

Mtaa mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Nikamsikia Bibi Ottavia naye akivuta yake.

"Sikumtorosha binti yako, kwa hiyo sina amani ya kuomba," Tobia akaendelea, sauti ikimtetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. "Nimekuja kuomba ruhusa. Naomba nimwandikie, na barua uzifungue wewe kwanza. Naomba nikipata likizo nije, nikae sebuleni kwako, mama yake akiwa kati yetu. Nikuzoee, unizoee. Na siku utakayoona inafaa, ndiyo nitakuomba hilo lingine."

"Umelala naye nje ya nyumba yangu," baba akasema, "halafu unataka kuanza mwanzo, kama mtu aliyemwona juzi kanisani?"

"Sikulala naye, bwana. Nililala na baba yangu, anakoroma."

Mtu mmoja akacheka juu dirishani, akanyamazishwa.

"Mimi nimwamini nani?" Sauti ya baba ilikuwa imepasuka. Ilikuwa imetoka karibu, kama kwamba ameegemeza paji la uso mlangoni. "Nikifungua mlango huu na kukaribisha mchumba, ninauambia mtaa kwamba binti yangu hakutenda kitu. Nani atanishuhudia? Jirani aliona kifurushi. Jirani aliona hakuna mtu mwingine. Nani wa nyumba yangu aliyejua anakokwenda?"

Kapteni akafungua mdomo. Bibi Ottavia akamshika mkono, na akanitazama mimi, si kama meza tena.

Ningeweza kulisema mwenyewe. Lilikuwa tayari ulimini. Lakini nikilisema mimi, mbele ya madirisha yote yale, ningekuwa nimemvua mama nguo barabarani, na baba asingejua kama nasema kweli au najiokoa. Lazima litoke kwake.

Nikausogelea mlango, nikaweka kiganja juu ya ubao uliokuwa bado na moto wa jua. Tobia alisogea pembeni kunipisha, na bega lake likagusa langu, mbele ya watu wote, na hakuna kati yetu aliyeliondoa.

"Mama," nikasema. "Uko hapo, najua. Mwambie baba ulichoniambia jana jikoni."

Nikasikia kandambili za mama zikitoka jikoni, zikivuka sebule, zikija polepole mpaka nyuma ya mlango. Zikasimama. Nilisikia pumzi yake, nikasikia na ya baba, zote mbili upande wa pili wa ule ubao.

"Mama," nikasema tena. "Naomba."